Waandaaji wa safari za nje ya jiji, mnaposema "karibu" mnamaanisha nini?

Wanajamvi, salaam.

Naandika nikiwa na hasira na sitajaribu kuificha, kwa sababu hii ni mara ya tatu katika miaka miwili ninapoteza siku yangu pekee ya mapumziko ugenini kwa kuliamini neno "karibu". Kazi yangu hunipeleka katika majiji makubwa, na mara nyingi hubakiwa na siku moja tu kabla ya kupanda ndege ya kurudi. Siku hiyo sitaki kuimalizia madukani wala chumbani hotelini. Nataka kupanda mlima, kupiga kasia, kushika mwamba kwa mikono yangu, kisha nirudi jioni nikiwa na uchovu wa haki. Majiji makubwa mengi yana mlima, mto, msitu au pwani isiyo mbali sana, kwa hiyo sidai muujiza. Ninachodai ni taarifa za kweli, kwa maana nyingi ninazozikuta zimeandikwa ili nafasi ziuzwe, na mgeni atajua mwenyewe atafikaje na atarudije.

Nianze na umbali wenyewe. Ukitafuta shughuli zilizo ndani ya kilomita 50 kutoka jijini, tovuti nyingi hupima umbali huo kwa mstari ulionyooka kwenye ramani, kana kwamba msafiri ana mbawa. Barabara huzunguka mabonde, husubiri daraja, hupanda milima kwa kona, na kabla ya yote hayo kuna foleni ya kutoka jijini, ambayo asubuhi ya Jumamosi hukusanya kila mkazi mwenye gari na mwenye nia kama yako. Anayeandika "saa 1 tu kutoka katikati ya jiji" anaifahamu foleni hiyo kuliko mimi mgeni, kwa sababu anapita humo kila wiki. Akiandika hivyo hajakosea. Amedanganya.

Mara ya mwisho nililipia siku ya kushuka mto kwa boti ya mpira. Tangazo lilisema mto uko mwendo wa saa 1, kwamba tutachukuliwa hotelini, na kwamba shughuli ni ya "siku nzima". Niliambiwa niwe mlangoni saa 12 kamili asubuhi, na gari likafika saa 12 na dakika 40. Hilo ningelisamehe. Hakuna aliyekuwa ametueleza, hata hivyo, kwamba "kuchukuliwa hotelini" maana yake ni kuzungushwa katika hoteli saba, na katika kila hoteli dereva anashuka, anaulizia majina mapokezi, anasubiri mtu anayemalizia kifungua kinywa, kisha anarudi kuendesha. Tulipita mbele ya hoteli yangu kwa mara ya pili saa 2 kasoro robo! Baada ya hapo ikaja foleni, na baada ya foleni tukasimamishwa dakika 35 kwenye duka la zawadi ambalo halikutajwa popote katika ratiba. Tuliuona mto saa 5 kasoro dakika 10. Nilirudishwa hotelini saa 11 na nusu jioni, na katika muda huo wote wa karibu saa 11, tulikaa majini saa 1 na dakika 40. Nilipima kwa saa yangu ya mkononi.

Muda, hata hivyo, si jambo lililonifanya nifungue uzi huu.

Tulipofika ukingoni tulipewa majaketi ya kujiokolea kutoka kwenye rundo lililokuwa juu ya turubai. Langu lilikuwa na mikanda mitatu, na bizimu ya mkanda wa chini haikuwepo. Mahali pake palifungwa kamba ya kiatu, ya rangi ya kahawia, yenye fundo lililokaza kiasi kwamba halikufunguka kwa kucha. Lebo ya ndani, ile inayoonyesha jaketi linambeba mtu wa uzito gani, ilikuwa imefutika ikabaki kitambaa cheupe. Lebo hiyo si pambo. Katika viwango vya kimataifa jaketi hupangwa kwa nguvu yake ya kuelea: la nyutoni 50 ni la kumsaidia mtu anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada, ilhali kuanzia nyutoni 100 ndipo linapotengenezwa kwa lengo la kumgeuza mtu uso uwe juu, na hata hapo ni katika maji yaliyotulia. Mtu asiyejua kuogelea akivalishwa jaketi lisilojulikana ni la namna gani, amevalishwa rangi tu. Nilipomwonyesha mwongozaji ile kamba alinijibu kwa upole kabisa, "Hakuna shida, maji ya leo ni kidogo."

Katika kundi letu alikuwepo baba mmoja na binti yake wa miaka tisa hivi. Tangazo lilisema safari "inafaa kwa familia nzima, hakuna uzoefu unaohitajika". Nilimuuliza mwongozaji mto ule ni wa daraja la ngapi, kwa kuwa mito ya maji ya kasi ina kipimo kinachojulikana duniani kote, kuanzia daraja la I, ambalo ni maji yanayotiririka na mawimbi madogo, hadi la VI, ambalo hata mabingwa hulikwepa. Akasema kipande chetu ni cha III. Daraja la III lina mawimbi yasiyotabirika, yanayoweza kujaza boti maji, na linahitaji watu wanaoweza kupiga kasia kwa amri wakati boti inapogeuka. Yule baba aliposikia hivyo aliuliza kama binti yake, ambaye hajui kuogelea, anaweza kubaki na mtu mmoja ukingoni. Hapakuwa na mtu wa kubaki naye. Baba akaamua wabaki wote wawili, wakakaa ndani ya gari lenye joto hadi tuliporudi. Binti alikuwa bado amevaa helmeti aliyopewa, kubwa mno, iliyokuwa ikimteremkia machoni, na hakutaka kuivua. Hawakurudishiwa hata senti. Waliambiwa kwamba wamejitoa wenyewe.

Namba hiyo ya Kirumi ingeandikwa kwenye tangazo, yule baba asingelipa. Ni herufi tatu tu, na mwandaaji anazijua, kwa sababu mwongozaji wake alizitaja bila kusita mara tu alipoulizwa. Kwa hiyo imeachwa kwa makusudi.

Kuna watakaoniambia nijitegemee, nichukue usafiri wa umma na ramani ya simu, niachane na waandaaji. Nimefanya hivyo pia. Katika jiji jingine nilipata matembezi ya mlimani yaliyoelezwa kuwa ni kilomita 12 yenye mpando wa mita 900, "muda: saa 3". Mpanda milima wa Scotland aitwaye William Naismith alitoa mwaka 1892 kanuni ambayo hadi leo wapanda milima huitumia kukadiria muda: saa 1 kwa kila kilomita 5, na kuongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Ukizipigia hesabu kilomita 12 na mita 900 unapata saa 3 na dakika 54, kwa mtu mwenye afya njema, bila kupumzika, bila kunywa maji, bila kupotea njia. Aliyeandika saa 3 hakupiga hesabu hiyo, au amenakili kutoka kwa mwingine ambaye naye hakuipiga. Mimi niliamini, nikaanza mchana, na nilipofika chini basi la mwisho lilikuwa limeondoka dakika 20 kabla. Saa ya basi la mwisho haikutajwa popote katika maelezo yale, ingawa kulikuwa na aya nzima kuhusu uzuri wa machweo kileleni. Anayemshauri mgeni asubiri machweo kileleni bila kumwambia kwamba atashuka gizani na kwamba hatapata usafiri, anamtega. Katika nchi zilizo karibu na ikweta giza huingia upesi baada ya jua kuzama. Katika nchi za kaskazini, mchana wa Desemba unaweza kuwa chini ya saa 8, kwa hiyo matembezi yaleyale yaliyo salama mwezi Juni huwa ya gizani miezi sita baadaye. Maelezo niliyoyasoma hayakutaja mwezi wowote.

Wala nisiambiwe kwamba taarifa kamili haziwezekani. Hong Kong ni jiji lililosongamana kuliko mengi, lakini njia yake ya MacLehose, iliyofunguliwa mwaka 1979, ina kilomita 100 zilizogawanywa katika sehemu 10, na kila mita 500 kuna nguzo yenye namba na vipimo vya ramani, ili mtu akivunjika mguu aweze kuwaambia waokoaji yupo wapi hasa. Jijini Seoul unapanda treni ya chini ya ardhi na basi hadi chini ya mlima Bukhansan, unapanda hadi mita 836, na unarudi siku hiyohiyo. Hakuna uchawi hapo. Kuna mtu aliyetembea njia yote na kuandika alichokiona.

Sifa za wateja nazo zisitutulize. Nilisoma zaidi ya 200 kabla ya kulipia ule mto, na nyingi zilisema kwamba mwongozaji ni mcheshi na picha ni nzuri. Nazikubali zote mbili. Hakuna hata moja iliyotaja bizimu, na siwalaumu walioandika, kwa sababu mtu aliyerudi salama hutathmini furaha yake, na vifaa hakuvikagua kwa kuwa hakujua cha kukagua. Tena tangazo unalolipia mara nyingi si la mwenye boti. Nililipa wakala mmoja, gari lilikuwa la kampuni ya pili, na boti za ya tatu, na nilipolalamika kila mmoja alimnyooshea kidole mwenzake. Nikakumbuka pia kuwa bima nyingi za safari haziwagusi watu wanaofanya shughuli za namna hii mpaka walipie nyongeza, jambo ambalo wakala hakulidokeza hata kwa mstari mmoja wakati akinikumbusha mara nne ninunue picha.

Kwa hiyo nasema na waandaaji na mawakala moja kwa moja. Andikeni saa ya kuondoka hoteli ya mwisho, wala si ya kwanza. Andikeni dakika halisi za kuwa majini au kwenye mwamba, mkizitenga na za garini. Andikeni daraja la mto, mita za kupanda, umri na uwezo unaohitajika, na jina la kampuni itakayoshika kamba yangu. Kama mna duka mtakalotupitisha, liandikeni pia, ili tuamue wenyewe kama tunalitaka.

Nimemwandikia wakala mara nne kuhusu jaketi, na kuhusu fedha za yule baba, ambaye alinipa ruhusa nimsemee. Mara zote nne nimejibiwa kwa ujumbe uleule wa kunishukuru kwa maoni yangu na kuniomba nitoe nyota. Wenye uzoefu wa kudai marejesho, hasa pale ambapo wakala anadai yeye ni dalali tu na mwenye boti anadai hakupokea malipo kutoka kwako, naomba mweke hapa chini hatua mlizofuata na muda zilizochukua. Picha za lebo iliyofutika na ile kamba ya kiatu ninazo, na risiti ninayo.

Nawasilisha.