Mwenye hataza alipwe, lakini asiwafungie wengine njia

Wenzangu, swali linalotugawa ni hili: anayechukua uvumbuzi wa mwingine na kuuboresha ni mvumbuzi naye, au ni mdandiaji wa jasho la mwenzake? Wanaosema ni mdandiaji hupenda kumtaja James Watt kuwa mvumbuzi halisi aliyestahili kulindwa kwa hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wake kwa muda fulani. Basi na mimi nitamtumia Watt huyohuyo.

Watt hakuanzia hewani. Injini ya mvuke ya Thomas Newcomen ilikuwa ikitoa maji migodini tangu 1712. Mwishoni mwa 1763 kuingia 1764, Watt akiwa fundi wa vyombo katika Chuo Kikuu cha Glasgow, aliletewa mfano mdogo wa injini hiyo autengeneze. Akagundua kasoro yake: kila pigo silinda ilipashwa moto kwa mvuke, ikamwagiwa maji ipoe, kisha ikabidi ipashwe upya. Makaa ya mawe yalikuwa yakiteketea kupasha chuma! Mwaka 1765 akapata jibu: mvuke ukapozwe kwenye chombo cha pembeni, silinda ibaki na joto lake. Hiyo ni nyongeza juu ya kazi ya mtu mwingine, tena nyongeza adhimu.

Alipewa hataza 1769, na 1775 Bunge la Uingereza likairefusha hadi 1800. Hapo ndipo ninapoachana na wanaomtetea. Jonathan Hornblower alipata hataza 1781 kwa injini ya silinda mbili, mvuke ukitoka ya kwanza unafanya kazi tena katika ya pili. Watt na mshirika wake Matthew Boulton walidai ameingilia haki yao, na 1792 Hornblower alipoliomba Bunge limwongezee muda kama lilivyomwongezea Watt, wao walimpinga, akashindwa. Wazo lile lilikuja kufufuliwa na Arthur Woolf karne iliyofuata. Na Watt alikuwa ameuonja uchungu huo: James Pickard alipopata hataza 1780 ya kutumia krenki, mkono wa chuma unaogeuza mwendo wa kwenda na kurudi kuwa wa kuzunguka, Watt alilazimika kubuni mfumo wa gia ili kuikwepa hataza hiyo.

Hataza ya Watt ilipokwisha, Richard Trevithick akaja na mvuke wa shinikizo kubwa, na 1804 injini yake ikavuta mzigo juu ya reli huko Wales. Kuanzia 1811, migodi ya Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, ikachapisha kila mwezi ufanisi wa injini zake, kila fundi akaona mwenzake amefanya nini. Makaa yaleyale yakapandisha maji mengi zaidi.

Nakubali kwamba bila ulinzi Boulton asingeweka fedha zake. Lakini tazameni yeye na Watt walivyolipwa: theluthi ya thamani ya makaa yaliyookolewa kulinganisha na injini ya Newcomen. Malipo ya aina hiyo yangeweza kutozwa hata kwa injini ya Hornblower, naye akaendelea kujenga.

Leo TRIPS, mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki za ubunifu, unataka hataza idumu angalau miaka 20 tangu ilipoombwa. Mimi nasema anayeboresha alipe fungu lake bila kulazimika kuomba ruhusa. Ugumu ninaouona ni nani apange fungu hilo: mahakama, wataalamu au sheria yenyewe? Mnaopinga, anzieni hapo.