Mashemeji wenye pikipiki, chungu si gunia la korosho

Wakuu, uzi huu ni wa waume wa wafinyanzi, kuanzia Newala na Tandahimba mpaka Mtama, wanaoshinda barabarani na pikipiki halafu wakirudi wanauliza kwa nini vyungu vinavunjika. Vinavunjika kwa sababu yenu, mashemeji. Na mke akibaki na udongo mnasema "yule amekaa tu". Haya, tuuhesabu huo ukaaji.

Udongo kwanza. Ndoo ya lita 20 ya udongo mbichi inapita kilo 30, nanyi mnafunga mbili kwenye keria kisha mnalalamika shokapu zimekufa. Nani kawatuma mbebe maji? Mabonge yaanikwe kulekule bondeni yakauke kabisa, ndipo yapakiwe. Udongo mkavu ni mwepesi, na ukiumwagia maji unasambaratika wenyewe. Ule wa unyevunyevu unang'ang'ania mabonge yake siku tatu, na anayeyaponda si mwenye pikipiki. Kiroba nacho kiwe safi. Kilichobeba salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, kisiguse udongo, moshi wake siku ya kuchoma unakohoza mtaa mzima. Cha chumvi kinaacha ukungu mweupe juu ya chungu, unafuta leo, kesho umerudi.

Lakini kinachoudhi kuliko vyote ni mchanga. Mfinyanzi anaagiza mchanga wa mtoni, kopo 1 kwa makopo 3 au 4 ya udongo, ili chungu kistahimili moto. Shemeji anapita ufukweni, anazoa wa pwani kwa kuwa uko karibu na lami, anasema mchanga ni mchanga. Sio! Mchanga wa pwani una vipande vya makome na matumbawe. Watu wa Lindi na Mtwara hamhitaji kuambiwa chokaa inatoka wapi: ni matumbawe hayohayo yakichomwa. Basi kipande kama punje ya mtama kikiwa ndani ya ubavu wa chungu, nacho kikipata moto mkali kinageuka chokaa. Chungu kinatoka kizima, ukikigonga kinalia vizuri, kinauzwa. Kisha ile chokaa inakunywa unyevu wa hewa, inavimba, na baada ya siku kadhaa ubavu unabanduka kibanzi kama gamba la samaki, na shimoni pana kidoa cheupe. Mteja anamrudishia nani? Si dereva. Kama mto uko mbali, chukueni vigae vya vyungu vilivyovunjika, vikitwangwa na kuchekechwa vinafaa kuliko huo mchanga wenu. Na vigae hamvikosi, mnavitengeneza wenyewe kila safari.

Halafu ile simu. "Mteja kapatikana Masasi, choma leo, kesho alfajiri napakia." Chungu cha lita 5 kinataka kivuli siku 7 hadi 10 wakati wa kiangazi. Mvua zikianza Desemba, hata wiki 3. Upepo ukikivamia, mdomo unakauka kabla ya kitako na kupasuka, ndiyo maana mnamwona mtu anafunika midomo kwa kitambaa kibichi na kugeuzageuza vyungu kutwa nzima. Ndiko huko kukaa. Kipimo cha kukauka si haraka ya mteja, ni shavu: gusisha kitako shavuni, kikiwa cha baridi maji bado yamo. Kikiingia motoni hivyo, kwenye nyuzi 100 maji yanakuwa mvuke usio na pa kutokea, na kitako kinaruka vipande. Hata kilichokauka kinapashwa taratibu pembeni ya moto saa 2 hivi, ndipo kifunikwe kwa kuni, makumbi na nyasi.

Kupoa ndiko mnakoharibia zaidi. Kwenye nyuzi 573 hivi, chembe za mchanga zilizomo ndani ya udongo zinasinyaa ghafla, na chungu kikipigwa na upepo hapo kinapata ufa mwembamba kama unywele. Hutauona. Utausikia: gonga kwa kifundo cha kidole, kizima kinalia kama kengele, chenye ufa kinajibu "pwa". Kifukuliwe kesho yake, majivu yakiwa vuguvugu. Aliyekiopoa usiku kwa fito ili awahi safari asimwambie mtu hajui kuchoma.

Na upakiaji wenu huo! Mpira wa tyubu unazungushwa kwenye tumbo la chungu na kukazwa kama mnafunga kuni. Mpira unavuta muda wote, na kila shimo linauvutisha zaidi. Fungeni tenga, msifunge chungu. Chini nyasi kavu unene wa shubiri, kila chungu kikae mdomo chini juu ya kata yake, kati yao nyasi tena mpaka ukitikisa tenga usisikie kitu kikigongana. Kidogo ndani ya kikubwa ruksa, ila nyasi zikizunguke.

Springi za nyuma mmezikaza kwa ajili ya mishikaki, ile ya kupakia abiria wawili. Tenga la vyungu 8 ni jepesi kuliko abiria wawili, kwa hiyo keria inarukaruka kama mbuzi. Zilegezeni ngazi moja au mbili, na tairi la nyuma lisijazwe upepo likawa jiwe. Mteremko wa kutoka Newala kwenda Masasi ushukeni kwa gia ndogo. Mkikanyaga breki ghafla tenga linakuja mbele, na cha kwanza kulikinga ni mgongo wa dereva, ambao ni mgumu kuliko chungu.

Anayebisha aweke hapa picha ya kigae, upande kilipovunjikia, karibu kabisa. Sio picha ya pikipiki.