Picha ya Moyo Mtakatifu sebuleni: laminesheni, kioo au kanvasi? (Mbeya)

MamaKole_Uyole
Tumsifu Yesu Kristo. Tumehamia nyumba mpya hapa Uyole, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi jumuiya inakuja kusali kwetu. Baba Kole anataka siku hiyohiyo familia ijiweke wakfu kwa Moyo Mtakatifu wa Yesu, na padre atubarikie picha. Picha ndiyo hatuna. Niliyoachiwa na marehemu bibi imebaki ya buluu tupu, wekundu wote wa moyo umekwisha. Nimezunguka Mwanjelwa nikakuta aina tatu: karatasi ya laminesheni, karatasi ndani ya fremu ya kioo, na kanvasi iliyovutwa juu ya mbao. Kanvasi ni karibu mara tatu ya bei ya kioo. Mliokaa nazo miaka, ipi inaistahimili hali ya hewa yetu?

Tukuyu_Mvua
Milele na milele, amina. Dada, huku Rungwe tunapata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo unyevu naujua. Tulikuwa na picha ya Mama wa Msaada wa Daima ndani ya kioo, zawadi ya ndoa. Karatasi iligusana na kioo, ikagandana nacho. Nilipoibandua, uso wa Mama Maria ulibaki kwenye kioo. Niliumia, sitaficha. Tangu hapo nimeweka kanvasi na haijapata ukungu hata alama moja. Toa hela, nunua kanvasi.

FundiFremu_Mafinga
Pole sana dada wa Tukuyu, lakini hapo kioo kimeonewa. Picha ilifungwa bila nafasi. Fundi anatakiwa aweke kadi nene kuzunguka picha, chini ya kioo, ili karatasi isikiguse. Nyuma ya fremu, pembe za chini, bandika vipande viwili vya mpira ili hewa ipite kati ya fremu na ukuta. Mama Kole, nyumba yako ni mpya, plasta bado inatoa maji. Hilo ndilo la kuogopa kuliko masika. Tundika kwenye ukuta wa ndani, usitundike kwenye ule unaopigwa na mvua kwa nje.

Kanvasi nayo ina lake. Haina kioo, kwa hiyo moshi wa mishumaa na vumbi la kiangazi vinaingia kwenye nyuzi moja kwa moja, na huwezi kufuta kwa kitambaa kibichi. Kama mnawasha mishumaa chini ya picha kila jioni, mtaona weusi unapanda. Kioo unakifuta, basi.

Laminesheni msiichukue kwa picha ya kubarikiwa. Pembe zikishaachia, unyevu unaingia na hautoki.

Mnyalukolo
Kamwene. Nachapisha picha hapa Iringa mjini. Niongeze jambo ambalo wateja hawaulizi: wino. Picha ya bibi imebaki ya buluu kwa sababu jua hula nyekundu na njano kwanza, na wino wa bei rahisi hauhimili mwanga. Muulize mchapaji kama anatumia wino wa pigimenti. Akisema hajui, nenda kwa mwingine. Kanvasi ya wino dhaifu itapauka kama karatasi tu, nawe umeshalipa mara tatu.

La pili, msilete picha iliyotumwa WhatsApp. Ili A3 itoke safi inahitaji pikseli kama 3,500 kwa 4,960, na WhatsApp kwa kawaida inabana picha chini ya hapo sana. Inatoka macho ya Bwana yamefifia.

MamaKole_Uyole
Asanteni sana. Sasa mama mkwe anasema tuweke Huruma ya Mungu, ndiyo anayosali nayo saa tisa kila siku. Je, tunaweza kuitumia kwa kujiweka wakfu?

Katekista_Njombe
Mama, kila picha ina habari yake. Moyo Mtakatifu tunaoujua umetokana na aliyoyaona Mtakatifu Margareta Maria Alacoque kule Paray-le-Monial, Ufaransa, kuanzia 1673. Desturi ya kuutawaza Moyo huo majumbani ilienezwa na Padre Mateo Crawley-Boevey tangu 1907, na maana yake ni kwamba Yesu ni mfalme wa nyumba hiyo. Kwa hiyo Jumamosi yenu ni ya picha hiyo, tena ikae mahali pa heshima sebuleni, isiwe nyuma ya mlango.

Ya mama mkwe muwekee chumbani kwake. Lakini achague, maana picha za Huruma ya Mungu ziko mbili. Ya kwanza ilichorwa na Eugeniusz Kazimirowski huko Vilnius mwaka 1934, Mtakatifu Faustina, mtawa aliyetokewa na Yesu, mwenyewe akielekeza. Inayouzwa zaidi ni ya Adolf Hyła, iliyochorwa baada ya Faustina kufariki. Mimi naipenda ya Vilnius, uso wake umetulia. Zote mbili ni ndefu na nyembamba, hivyo mchapaji akiivuta ijae A3, Bwana anaonekana mnene, na akiikata, maneno “Yesu, nakutumainia” yanapotea. Aache nyeupe pembeni.

Mnyalukolo
Kweli kabisa katekista. Na Mama wa Msaada wa Daima vivyo hivyo: wakikata pembeni wanawaondoa malaika Mikaeli na Gabrieli wenye vyombo vya mateso, na ndio wanaomtisha Mtoto mpaka kandambili yake inaning’inia mguuni.

Tukuyu_Mvua
Nilikuwa sijui kuhusu hiyo kandambili. Nimekwenda kuiangalia sasa hivi. Fundi, naomba samahani kwa kioo.

MamaKole_Uyole
Tumeamua: Moyo Mtakatifu, A3, wino wa pigimenti, kioo chenye kadi, ukuta wa ndani unaotazamana na mlango. Jua la asubuhi halifiki pale. Hela iliyobaki ni ya picha ya Vilnius ya mama mkwe. Katekista, ile ya bibi ilishabarikiwa, nifanyeje?

Katekista_Njombe
Usiitupe jalalani. Ichome kwa heshima, majivu uyafukie.

MamaKole_Uyole
Basi tutafanya Jumamosi hiyohiyo baada ya sala, chini ya mparachichi. Bibi ndiye aliyetupa mche wake.