Siku 63 mshahara kamili, siku 63 nusu mshahara: HR acheni kudhulumu wagonjwa

Wakuu,

Nafungua uzi huu kwa hasira na sitaificha. Mtu amefanya kazi miaka minne kiwandani, hajawahi kuchelewa lango, anavunjika mguu au figo zinagoma, analazwa. Mwisho wa mwezi akaunti iko tupu. Akipiga simu ofisini anajibiwa, "Sasa tukulipe kwa kazi gani, wakati uko kitandani?" Na anayejibu hivyo ana shahada ya rasilimali watu (HR) ukutani. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Likizo ya ugonjwa yenye malipo si hisani ya bosi. Ipo kwenye kifungu cha 32 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, Na. 6 ya mwaka 2004. Mfanyakazi ana angalau siku 126 katika kila mzunguko wa likizo: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, siku 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Neno ni "angalau". Mkataba wako au mkataba wa hali bora wa chama cha wafanyakazi unaweza kukupa zaidi, hauwezi kukupa pungufu. Watumishi wa umma wana kanuni zao za kudumu, hapa nasemea sekta binafsi.

Sasa hapo kwenye "mzunguko" ndipo wizi unapofanyika. Kwa likizo ya mwaka, mzunguko ni miezi 12. Kwa likizo ya ugonjwa ni miezi 36, na inahesabiwa tangu siku uliyoanza kazi, si tangu Januari. Kwa hiyo ED (karatasi ya daktari ya kukupumzisha kazi) ya siku tatu uliyopewa mwaka jana kwa malaria inaingia kwenye hesabu, hiyo ni halali na tusibishane nayo. Lakini mzunguko ukiisha, unaanza mwingine wenye siku 126 zake. Aliyeajiriwa 1 Juni 2019 mzunguko wake wa pili uliisha 31 Mei 2025. Kama siku hiyo alikuwa bado kitandani kwenye nusu mshahara, kwa maandishi ya sheria 1 Juni ni mzunguko mpya. Ni HR gani amewahi kumwambia mgonjwa jambo hili? Tarehe ya kuajiriwa wanayo kwenye faili, wanainyamazia.

Tuhesabu mfano mmoja taratibu. Mfanyakazi ameajiriwa 1 Februari 2024, hajatumia siku hata moja. Anaanza kuugua Jumatatu 3 Machi 2025. Machi ana siku 29, Aprili 30, jumla 59. Siku ya 63 ni 4 Mei. Kuanzia 5 Mei ni nusu mshahara, mpaka 6 Julai ambapo zinatimia 126. Maana yake Machi na Aprili mshahara haupungui hata shilingi. Mei ni mchanganyiko: siku 4 kamili, siku 27 nusu. Juni yote nusu.

Mnaoambiwa "mwezi wa kwanza tunakulipa, wa pili nusu, wa tatu bila malipo", hiyo sheria haipo. Imetungwa ofisini.

Kuna ujanja mwingine unanichefua kabisa. Wakati wa kumaliza siku zako wanahesabu Jumapili na sikukuu zote. Wakati wa kulipa wanageuka, wanalipa siku za kazi peke yake, Jumapili zinayeyuka. Siku kwenye sehemu hiyo ya sheria inajumuisha na siku ya mapumziko. Kama Jumapili imekula siku yako, basi ilipwe.

Nani hana haki hii? Aliye chini ya miezi sita kazini. Ndiyo maana vibarua wengi wa Vingunguti na Mikocheni wanakatwa mwezi wa tano halafu wanaitwa tena baada ya wiki mbili. Ndugu zangu vibarua, sheria imeliona hilo: ukimfanyia kazi mwajiri yule yule zaidi ya mara moja katika mwaka, na jumla ikazidi miezi sita, una haki ya likizo yenye malipo. Tunzeni vitambulisho vya getini na risiti za malipo ya kila awamu, maana bila hivyo watasema hawakujui.

Na ambaye hana cheti cha daktari, mwajiri hawajibiki kumlipa. Hapa lawama ni yetu wenyewe. Shikeni karatasi ya ED mkononi muisome kabla ya kutoka dirishani: jina liwe lile lile la kwenye mkataba, tarehe ya kuanza NA ya kuishia, jina la daktari, namba yake ya usajili, mhuri unaosomeka. Karatasi iliyoandikwa "apumzike" bila tarehe haina kazi. Halafu angalieni pengo. ED inaisha Ijumaa tarehe 14, kliniki ya hospitali ya MOI au Amana ni Jumatatu tarehe 24. Kati hapo kuna siku tisa zisizo na karatasi, na siku za kazi zisizo na ruhusa zikizidi tano, tayari wana kosa la utoro la kukufukuzia. Muombeni daktari aandike ED mpaka siku ya kliniki inayofuata, si siku 14 kwa mazoea.

Mkipeleka, nakala yenu igongwe mhuri wa "imepokelewa" na tarehe. Usiwe na nakala halisi moja tu ukaiacha mezani kwa mtu. Picha ya WhatsApp kwa HR ni nyongeza nzuri, ila isiwe ushahidi wako wa pekee. Na HR hawezi kukataa cheti cha daktari aliyesajiliwa eti kwa sababu hospitali si ile ya bima ya kampuni.

La mwisho kwenye bandiko hili, na naliandika kwa uchungu: MSISAINI. Barua ya "naomba likizo bila malipo" iliyochapwa na ofisi ikaletwa wodini, msisaini. "Andika barua ya kuacha kazi, ukipona tutakurudisha", msisaini. Ukiacha kazi mwenyewe, kudai kuachishwa isivyo halali kunakuwa kugumu sana, maana itabidi uthibitishe kuwa ulilazimishwa. Sheria hairuhusu hata notisi ya kuachishwa kazi itolewe ukiwa likizo, wala notisi kwenda sambamba na likizo. Wanalijua, ndiyo maana wanataka barua itoke kwako.

Mchango #4, Karani wa Mishahara, Tazara

Mkuu uko sahihi, niongeze kwenye slipu. Wahasibu wengi wanachukua "take home" ya kawaida wanaigawa kwa mbili. Ni makosa. Nusu inapigwa kwenye mshahara ghafi, ndipo makato yanahesabiwa upya.

Chukua mshahara wa 900,000. NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) ya mfanyakazi asilimia 10 ni 90,000. Inabaki 810,000, PAYE (kodi ya mshahara) yake ni 80,500. Mkononi 729,500. Nusu ya hiyo ni 364,750.

Sasa fanya inavyotakiwa: nusu mshahara 450,000. NSSF 45,000. Inabaki 405,000, na PAYE ni asilimia 8 ya kinachozidi 270,000, yaani 10,800. Mkononi 394,200. Tofauti ni 29,450 kila mwezi. Kwa mgonjwa hiyo ni nauli za kliniki na dawa. Kwa Mei ya mfano wako, ukigawa kwa siku 31, ghafi inatoka kama 508,065.

Wenye mkopo wa elimu ya juu, asilimia 15 nayo ishuke kufuata mshahara uliopungua. Mkopo wa benki haushuki wenyewe. Nenda benki na barua ya mwajiri kabla nusu mshahara haijaanza, uombe marejesho yapangwe upya. Ukisubiri mpaka slipu isome sifuri, umeshachelewa.

Mchango #7, Mzee wa Chang'ombe

Je, aliyeumia kazini? Mashine imemkata vidole, HR anamwandikia likizo ya ugonjwa ya kawaida.

Mwenye uzi

Mzee shikamoo. Hiyo ni dhuluma nyingine kabisa. Ajali ya kazini au ugonjwa utokanao na kazi ni wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Ulemavu wa muda unalipwa asilimia 70 ya mapato ya mwezi, mpaka miezi 24. Linganisha na siku 126 ambazo nusu yake ni nusu mshahara. Mwajiri anaficha ajali, mfanyakazi anapoteza mwaka mzima na zaidi wa malipo. Siku hiyo hiyo toa taarifa kwa maandishi, orodhesha walioshuhudia, na hospitali mwambie daktari aandike kuwa umeumia kazini. Ikiandikwa "ameanguka" tu, umejifungia mlango. Dai lisivuke miezi 12.

Mchango #9

Nimeambiwa siku 126 zikiisha ajira imekufa. Kweli?

Mwenye uzi

Si kweli. Zikiisha, wajibu wa kulipa likizo hiyo ndio unaisha. Ajira haifi yenyewe. Akitaka kukuachisha kwa sababu ya afya lazima afuate Kanuni za Utendaji Bora, GN (Tangazo la Serikali) 42 ya 2007: aangalie chanzo cha ugonjwa, ni wa muda au wa kudumu, kama kuna kazi nyepesi unayoweza, akuite akusikilize ukiwa na mwakilishi wako. Barua ya mistari mitatu inayosema "kutokana na kutokuwepo kwako kazini" haitoshi.

Na usikae nyumbani na barua hiyo. Kupinga kuachishwa kazi, mwisho ni siku 30 kupeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Mgogoro wa mshahara uliokatwa ni siku 60. Unajaza Fomu CMA F.1, unampa mwajiri nakala yake kwanza na anasaini kupokea, ndipo unaiwasilisha Tume. Ukichelewa unalazimika kuomba kuongezewa muda kwa CMA F.2 na kueleza sababu, na hapo ndipo ED zenye tarehe zinakuokoa. Kama huwezi kutoka kitandani, kiongozi wa chama, wakili au mtu uliyemchagua mwenyewe anaweza kukuwakilisha kwenye usuluhishi. Siku 60 zinaanza kuhesabiwa pale mshahara ulipokatwa, kwa hiyo aliyekatwa mwisho wa Mei asingoje kupona Agosti.