Mtoto wa kilo 10, sepsisi, figo zimegoma: tuongeze maji au tuanze adrenalini?

Zamu_ya_Usiku
Wakuu, naleta mfano unaotugawa kila tukiujadili ICU (wodi ya mahututi) ya watoto. Miezi 14, kilo 10, sepsisi (maambukizi yaliyovuruga viungo vya mwili mzima) iliyoanzia kwenye nimonia. Antibiotiki imeingia ndani ya saa ya kwanza, Ringa lakteti 400 ml imeshaisha kwa mafungu mawili. Sasa hivi mikono ni baridi, ukibonyeza ukucha damu inarudi baada ya sekunde 5, mapigo 178, presha ya wastani 38, oksijeni 91% akiwa kwenye barakoa yenye mfuko. Mapafu yameanza kutoa mlio wa maji. Ini lilikuwa sm 1 chini ya mbavu, sasa ni sm 4. Mkojo 8 ml kwa saa 6. Potasiamu 6.9, kreatinini (kipimo cha figo) 210, lakteti (hupanda damu isipofika vizuri kwenye viungo) 5.8. Katheta ya mshipa mkubwa bado haijawekwa.

Wengine wanataka fungu la tatu la 200 ml "ili figo zifunguke". Wengine wanataka furosemaidi (dawa ya kukojosha). Na je, adrenalini (dawa ya kuinua presha) inaruhusiwa kupita kwenye kanula (mrija mfupi wa mshipa mdogo) ya mkononi?

Dk_Watoto
Jibu la swali la kwanza liko kwenye ini. Limeshuka sm 3 na mapafu yanalia, maana yake moyo umeshindwa kuyasukuma maji aliyokwisha kupewa. Hizo 200 ml hazitafika kwenye figo, zitaishia kwenye mapafu. Simamisha.

Utafiti wa FEAST wa 2011 uliwahusu watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, na waliomiminiwa maji ya haraka walikufa zaidi ndani ya saa 48: karibu 10.6%, dhidi ya 7.3% ya wasiomiminiwa. Hospitali zile hazikuwa na huduma kamili ya ICU, kwa hiyo huwezi kuuchukua mzimamzima ukaupeleka kwenye mashine za kupumulia. Mwongozo wa kimataifa wa sepsisi ya watoto wa 2020 bado unaruhusu hadi 40–60 ml kwa kilo saa ya kwanza palipo na ICU. Ila unataka mafungu ya 10–20 ml kwa kilo, mtoto apimwe upya baada ya kila fungu, na maji yakome dalili za kuzidiwa zikionekana. Watu hukariri ile 60 na kuliacha hilo sharti.

Adrenalini ianze sasa hivi, kwenye kanula. Kuchelewa kwa saa 2 mkitafuta mshipa wa shingo kuna hatari kubwa kuliko kanula yenyewe. Chukua 1 mg, jaza gulukosi 5% hadi ifike 50 ml. Kila ml ina mikrogramu 20. Kwa kilo 10, 3 ml kwa saa ni mikrogramu 0.1 kwa kilo kwa dakika. Anza na 1.5 ml kwa saa, panda kila dakika 5 hadi 10 ukitazama presha, joto la mikono na ukucha. Tumia mshipa mzuri wa kiwikoni, na kanula iwe wazi mbele ya macho, isifunikwe na bandeji. Ngozi ikipauka kuizunguka, hamishia dawa kwenye laini nyingine kwanza, kisha vuta kwa sirinji kilichobaki kabla ya kuing'oa.

Laini hiyo isipitishe kitu kingine chochote. Ukisukuma dawa nyingine hapo, adrenalini iliyolala kwenye mrija inaingia yote kwa mkupuo, mapigo yanaruka. Na sirinji ikikaribia kuisha, ya pili iwe tayari inatembea kabla hujaitoa ya kwanza, kwa sababu ule mwanya wa kubadilisha ndipo presha huporomoka.

Tahadhari moja: adrenalini yenyewe hupandisha lakteti na sukari. Mikono ikipata joto na mkojo ukirudi huku lakteti imepanda kidogo, usiikimbize kwa maji.

Sista_ICU
Mbona potasiamu imeachwa? 6.9 ndiyo itakayomuua kwanza. ECG (kipimo cha umeme wa moyo) iwekwe sasa: mawimbi ya T yaliyochongoka, QRS inayopanuka. Rudieni sampuli kutoka mshipa unaotiririka vizuri, maana damu iliyokamuliwa kisigino au kidole kwa nguvu hupasuka seli na kutoa namba ya uongo. Lakini ECG ikiwa mbaya, msisubiri majibu.

Kalisiamu glukoneti 10%, 0.5 ml kwa kilo, yaani 5 ml, polepole kwa dakika 5 hadi 10 huku macho yako kwenye monita. Haishushi potasiamu hata kidogo, inaukinga moyo tu, kwa nusu saa hadi saa moja. Muda huo ndio wa kufanya kazi: salbutamoli 2.5 mg kwa nebulaiza, kisha insulini uniti 0.1 kwa kilo pamoja na gulukosi 10% 5 ml kwa kilo kwa dakika 30. Sukari ipimwe kila dakika 15 hadi 30, na iendelee kupimwa kwa saa kadhaa. Figo zikigoma, insulini hukaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo sukari inaweza kuanguka wakati kila mtu anadhani jambo limekwisha. Bikaboneti itolewe tu kama asidi ya damu ni kali, na isikutane na kalisiamu kwenye laini moja: hugeuka chokaa ndani ya mrija.

Furosemaidi haifungui figo. Presha ikishatulia mnaweza kujaribu 1 mg kwa kilo mara moja kwa ajili ya maji yaliyozidi. Baada ya saa 2 hakuna mkojo, msiendelee kupandisha dozi, anzeni kuwaza dialisisi (kusafisha damu kwa niaba ya figo).

Zamu_ya_Usiku
Asante sana, Dokta na Sista. Je, akichoka kupumua? Na maji ya siku tunayahesabuje kama hakojoi?

Dk_Watoto
Mrija wa kupumulia uwekwe adrenalini ikiwa tayari inatembea na presha imeinuka. Mtoto wa namna hii anaishi kwa nguvu za homoni zake mwenyewe. Dawa ya usingizi inazikata, mashine inapunguza damu inayorudi kwenye moyo, na moyo unasimama mkononi mwenu. Ketamini 0.5 hadi 1 mg kwa kilo inatosha, propofoli hapana. Mrija namba 3.5 wenye puto, na wa 4 pembeni.

Sista_ICU
Maji: yanayopotea kwa ngozi na pumzi ni kama 400 ml kwa mita mraba kwa siku, ongeza mkojo. Kilo 10 ni karibu mita mraba 0.47, kwa hiyo ni takribani 190 ml kwa siku nzima. Sasa tazama: adrenalini ya 3 ml kwa saa ni 72 ml. Kusafisha laini 3 ml mara 20 ni 60 ml. Mmeshafika 132 kabla ya antibiotiki na gulukosi! Ndiyo maana mtoto anafura na chati inasema "hajapewa maji". Andikeni kila ml. Chukua lita zilizoingia, toa zilizotoka, gawa kwa kilo, zidisha kwa 100. Ikipita 10% ni onyo, na ikikaribia 20% mmechelewa. Katheta ya mshipa mkubwa ikipatikana, kolezeni adrenalini ili ml zipungue.

Figo_Ndogo
Dialisisi ya tumboni (maji huingizwa tumboni, hukaa, kisha hutolewa na uchafu) inafaa hapa, hata presha ikiwa dhaifu. Anza na 10 ml kwa kilo, yaani 100 ml. Kuingiza dakika 10, kukaa 30, kutoa 20, mzunguko mmoja kwa saa. Maji yapashwe hadi nyuzi 37, heparini uniti 500 kwa lita ili katheta isizibe kwa utando. Msirukie 30 ml kwa kilo siku ya kwanza: tumbo likijaa linasukuma kiwambo juu, oksijeni inashuka, na kidonda kinavuja.

Maji ya kiwandani yakikosekana, lita 1 ya Ringa lakteti na 30 ml za gulukosi 50% hutoa karibu 1.5%. Ila Ringa ina potasiamu kama 4, kwa hiyo inashusha 6.9 taratibu. Maji yasiyo na potasiamu ni bora mwanzoni, na potasiamu ya damu ikifika chini ya 4 mnaongeza potasiamu 3 hadi 4 mmol kwa lita ya maji hayo. Ini likiwa limefeli, lakteti haitumiki vizuri, tafuteni maji ya bikaboneti.

Maji yakigoma kutoka, kagua mrija uliopinda, mgeuze mtoto ubavu, angalia kama amefunga choo. Yakitoka na ukungu, peleka maabara siku hiyohiyo: seli nyeupe zaidi ya 100 kwa mikrolita na zaidi ya nusu ni neutrofili (aina ya seli nyeupe), tibu kama maambukizi.

Mfamasia_Wodi
Dozi ya kwanza ya antibiotiki isipunguzwe kwa sababu ya figo. Ipeni kamili, mnaporekebisha ni dozi zinazofuata na muda kati yake, hasa gentamisini na vankomaisini, kwa kupima kiwango kwenye damu. Na kama mnatumia seftriaksoni, safisheni laini kabla ya ile kalisiamu ya Sista, zisipite pamoja.