Kuondoa diski ya njia nyingi kwenye seva ya Linux bila kuizima

Muulizaji, Kisumu
Wadau, hamjambo. Seva yetu ya Linux imeunganishwa na hifadhi ya SAN (mtandao wa diski za pamoja) kwa njia nne. Data ya LUN mojawapo (diski moja inayotolewa na hifadhi hiyo) tumeshaihamisha, na msimamizi wa hifadhi yuko tayari kuikata upande wake jioni hii. Je, akishaikata, seva itaiondoa yenyewe? Kuizima haiwezekani, kwa kuwa hifadhidata nyingine ingali inatumika.

Jibu, Nakuru
Mwombe asubiri kwanza. Ikiwa mpangilio wenu una queue_if_no_path, LUN ikikatwa ghafla maombi yote ya kusoma na kuandika yatapangwa foleni yakingoja njia isiyorudi, na michakato itaganda katika hali ya D (kungoja diski bila kukatizika) ambayo hata kill -9 haiwezi kuiondoa.

Anzeni juu mkishuka: simamisheni programu inayoitumia, itoeni kwa umount, futeni mstari wake katika /etc/fstab, na kama kuna LVM (mfumo wa kugawa diski kuwa volyumu zilizo katika makundi), zimeni kundi lake kwa vgchange -an. Kisha endesheni multipath -ll na mnakili WWID (kitambulisho cha kudumu cha LUN) pamoja na majina yote manne ya sd (kila njia huonekana kama diski yake, mfano sdc), maana ramani (diski moja inayounganisha njia hizo) ikishafutwa hamtayaona tena mahali pamoja. WWID hiyo ndiyo ya kulinganisha na msimamizi. Jina kama sdc linaweza kupewa diski nyingine kesho.

Baada ya hapo, futeni ramani, tuseme inaitwa mpathb: multipath -f mpathb. Halafu kwa kila njia, blockdev --flushbufs /dev/sdc, na echo 1 > /sys/block/sdc/device/delete. Hapo ndipo akate.

Muulizaji
Asante sana. Umount imekubali, lakini multipath -f inajibu «map in use», na lsof haionyeshi chochote.

Jibu, Kakamega
Lsof huonyesha michakato, ilhali hapa huenda anayeishikilia ni keneli yenyewe. Tazama dmsetup ls --tree: ukiona volyumu ya LVM imekaa juu ya mpathb, hiyo ndiyo kizuizi. Tafadhali usizifute njia za sd kwa nguvu ili kuikwepa, kwani utabaki na ramani isiyo na diski chini yake. Vilevile, msiamuru seva itafute diski upya (skani ya SCSI) kabla LUN haijakatwa, la sivyo njia zote nne zitarudi.

Muulizaji
Ni kweli, kulikuwa na volyumu ya zamani ya nakala rudufu katika kundi jingine. Nimeizima kwa lvchange -an, na multipath -f imepita. Sasa naendelea na njia za sd.