Filta ya oili kwa STI yenye EJ207: nichukue ya jenuini au ya mashindano?

injini_bapa

Wakuu, salaam. Gari ni Subaru Impreza WRX STI, bodi ya GDB, injini EJ207 (ya familia ya EJ), turbo ya kiwandani, kompyuta haijaguswa. Siku za kazi inazunguka Dar, mara mojamoja inapanda Dodoma. Oili ni sinthetiki 5W-40.

Service imefika. Kariakoo nimewekewa filta nne mezani: nyeusi ya Subaru namba 15208AA100, moja ya Honda, moja imeandikwa ya mashindano na ina nati juu ya kichwa, na ya nne boksi halina namba yoyote, bei yake ya chai. Muuzaji anasema zote zinaingia. Kuingia kunatosha? Hiyo ya mashindano inachuja au inapitisha tu? Na feki naijuaje kabla sijaifunga?

mkono_wa_grisi

Mkuu, kuingia ni jambo la kwanza kati ya matatu: nyuzi za kufungia, raba na vali ya baipasi.

Nyuzi za stadi ya EJ, yaani kile kibomba filta inapofungwa, ni M20x1.5 (kipenyo milimita 20, hatua 1.5), na hizo za Honda ni hizohizo, ndiyo maana muuzaji ana uhakika. Filta nyingi za Toyota ni robo tatu ya inchi, yaani milimita 19.05, nyuzi 16 kwa inchi. Hiyo kwenye STI itagoma, na ni heri igome. Balaa liko kinyume chake: filta ya M20 ukiifunga kwenye stadi ya robo tatu inazunguka vizuri mpaka inakaza, kumbe imeshikilia kwa ncha za nyuzi tu. Injini ikipandishwa mizunguko inafyatuka na oili inabaki barabarani. Kwa hiyo mwenye Toyota asije akaazima filta ya Subaru.

Raba: shika ya zamani na mpya mdomo kwa mdomo. Duara za raba zikutane. STI ina kipoza oili cha maji kati ya bloku na filta, na uso wake wa kukalia raba una mpaka. Raba ikikaa nusu ndani nusu nje, itavuja tu.

Sasa baipasi, ambayo wengi hawaijui. Ndani ya filta kuna vali ndogo yenye springi. Karatasi ikiziba, au oili ikiwa nzito sana, vali inafunguka na oili inapita bila kuchujwa ili injini isikose oili kabisa. Subaru kwenye EJ wameiweka kwenye kilopaskali 160 hivi, baa 1.6. Filta nyingi za M20x1.5 za injini nyingine zinafungukia kati ya baa 0.8 na 1.1. Pampu ya EJ inasukuma oili nyingi, kwa hiyo ukiwasha asubuhi na kukanyaga, vali laini inafunguka mapema na uchafu unakwenda moja kwa moja kwenye beringi za konrodi. Kwa EJ hapo ndipo pabaya kuliko pote.

Chukua hiyo nyeusi. Ya bei ya chai mrudishie.

Boxa254

Kwa nyuzi na raba niko na mkono_wa_grisi. Kwa baipasi naomba tusitishane kupita kiasi.

Hiyo baa 1.6 ni tofauti ya presha kati ya upande oili inapoingilia kwenye karatasi na upande inapotokea. Siyo ile presha unayoiona kwenye geji. Geji inaweza kusoma baa 5 huku tofauti kwenye filta safi, oili ikiwa moto, iko chini sana na vali imelala. Pia msiichanganye na vali ya kupunguza presha iliyo ndani ya pampu, ile inafunguka karibu baa 6 na haina uhusiano na filta.

Tofauti inapanda wakati wa mambo mawili: oili baridi na filta iliyoshiba uchafu. Na "baridi" isikudanganye kwa sababu uko Dar. Oili ya 5W-40 kwenye nyuzi joto 40 ni nzito kama mara 6 ya ilivyo kwenye 100. Kwa hiyo filta ya Honda haitaua injini kesho. Ila kama ya EJ yenyewe ipo dukani, sioni sababu ya kubahatisha. Dawa ya yote mawili ni ileile: usipite mizunguko 3,000 mpaka oili yenyewe ipate moto. Sindano ya maji kufika katikati haitoshi, oili inachelewa nyuma ya maji kwa dakika kadhaa.

Kuhusu ya mashindano, neno hilo kwenye boksi halina kipimo. Tafuta maneno "ISO 4548-12", ndicho kipimo cha kuchuja. Kinachofuata kiwe na namba mbili pamoja: asilimia na mikroni (sehemu ya elfu ya milimita). "Asilimia 99" peke yake ni hewa, kwa sababu 99 ya chembe za mikroni 40 ni kazi rahisi na 99 ya mikroni 20 ni kazi kweli. Tabaka la oili kwenye beringi ni la sehemu chache za mia za milimita, kati ya 0.02 na 0.05, sawa na mikroni 20 hadi 50. Chembe za ukubwa huohuo ndizo zinazokwaruza.

Filta za mbio halisi mara nyingi zina matundu makubwa kwa makusudi, kwa sababu injini ile oili inamwagwa kila baada ya mbio chache. Wewe unataka kwenda kilomita 5,000 kwenye vumbi na foleni. Na hiyo nati ya juu, iangalie ilivyochomelewa. Kwa baadhi ya aina bati limepasuka pale kwenye weldi, kwa sababu fundi amekazia nati hiyohiyo iliyowekwa kwa ajili ya kufungulia.

injini_bapa

Nimewaelewa, asanteni. Basi nyeusi. Lakini hata hiyo nyeusi nasikia feki zimejaa. Na je, vali ya kuzuia oili isirudi, raba nyeusi na silikoni ipi bora?

kipimo_cha_oili

Nianze na hiyo vali kwa sababu jibu ni fupi. Kwenye EJ filta inaning'inia chini ya injini, mdomo juu, kwa hiyo oili inabaki ndani yenyewe kama kwenye kikombe. Silikoni ni nzuri, haikakamai kwa joto, lakini hapa haina faida kubwa. Kwa mwenye injini mpya zaidi za Subaru, FB au FA20 ya WRX ya kuanzia 2015, ni habari nyingine: filta iko juu ya injini, mdomo chini. Vali ikikakamaa oili inashuka usiku, na asubuhi unasikia injini inagonga kidogo kabla presha haijafika.

Feki: boksi usiliamini, linachapishwa popote. Ingiza kidole kwenye tundu la katikati. Bomba la ndani liwe gumu, matundu yamekatwa safi, na lisicheze. Chungulia kwenye vitundu vya pembeni, bonyeza kile kiraba cha vali ya kuzuia oili isirudi kwa kijiti cha plastiki. Kibonyee na kurudi. Nyuzi ziwe na mwanzo mkali usio na vumbi la chuma, maana chembe zikiwa upande huo zinaingia kwenye injini bila kuchujwa na mtu yeyote. Tikisa karibu na sikio: kitu kikicheza ndani, iache. Raba ya nje iwe imekaa kwenye mfereji wake sawasawa na iwe na ulaini. Ukipata nafasi ya kupima kwenye mizani mbili zinazodai kuwa namba moja, zikitofautiana sana kuna moja inadanganya.

Ushahidi kamili unapatikana kwa kuikata ya zamani ukishaitoa. Tumia kikata-filta cha gurudumu, usitumie msumeno, kwa sababu unga wa msumeno utakuchanganya na ule wa injini. Toa karatasi, hesabu mikunjo, angalia gundi ya mwisho wa mikunjo kama imeshika pande zote. Filta mbovu utakuta mikunjo imelala upande mmoja au kuna pengo oili ilikuwa inapita kama mlangoni.

Kisha kata kipande cha karatasi, kibane kwenye jiliwa oili itoke, kifungue juani:

- vinavyonata kwenye sumaku: chuma, kitafute chanzo;
- vipande bapa vya rangi ya shaba: beringi imelika tabaka la juu, usiendeshe tena mpaka sampu (bakuli la oili chini ya injini) ishushwe;
- makombo meusi yanayovunjika kwa kucha: masizi ya oili, punguza kilomita za service;
- nyuzinyuzi laini za kijivu au nyekundu zinazovutika: silikoni ya gasketi.

Hiyo ya mwisho isidharauliwe. Fundi akipaka silikoni nyingi kwenye sampu, inayobanwa kwenda ndani inakatika na kwenda kukaa kwenye wavu wa bomba la kunyonyea oili. Presha ikishuka watu wanabadilisha filta mara tatu, na filta haina kosa. Bomba lenyewe la EJ pia linajulikana kwa kupasuka; linavuta hewa na presha inacheza kwenye kona.

mkono_wa_grisi

Naongezea ufungaji, maana filta nzuri huharibikia hapo.

Acha ekzosti ipoe, filta iko jirani yake na oili itaangukia humo. Vika filta mfuko wa plastiki kabla ya kuimalizia kwa mkono, itatokea na oili yake ndani ya mfuko. Nati ya sampu ni spana 17. Weka washa (ringi ya kuzibia) mpya kila mara, kaza Nm 42 hadi 44.

Angalia raba ya zamani imetoka na filta. Ikibaki juu ukaweka mpya juu yake, itakaa vizuri ukiwa gereji, kisha zinateleza injini ikipata moto na oili inamwagika yote. Angalia pia stadi: wakati mwingine hufunguka pamoja na filta kutoka kwenye kipoza oili. Ikitoka, irudishe na kuikaza kwanza.

Jaza filta mpya oili safi, karatasi inywe, ongeza tena. Paka raba oili, siyo grisi. Funga kwa mkono mpaka raba iguse, halafu zungusha kiasi kilichoandikwa kwenye filta yenyewe. Kama hakuna maandishi, robo tatu ya mzunguko. Mkanda wa filta ni wa kufungulia tu. Mimina lita 4 kwanza, washa dakika moja, zima, subiri kama dakika 5, ndipo usome stiki na kuongeza kidogokidogo.

Boxa254

Kimoja kimesahaulika. EJ nyingi zenye AVCS (mfumo wa kubadilisha muda wa vali) na turbo zina kichujio kidogo cha wavu ndani ya boliti yenye tundu inayopeleka oili kwenye turbo. Hakibadilishwi na mtu kwa sababu hakionekani. Tope likikiziba, turbo inakaukiwa huku geji ya injini inasoma sawa kabisa. GDB iliyotoka Japani bila historia ya service, fungua boliti hiyo siku hiyohiyo ya filta, osha wavu kwa petroli na uweke washa mpya pande zote mbili.